Barua ya Wazi kwa Serikali na Bunge: Wakenya Wanaofanya Kazi za Kandarasi Vitani Nao Wana Kwao

Kwa:
Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii,
Waziri wa Masuala ya Kigeni na Diaspora,
Wenyeviti wa kamati za Bunge zinazosimamia wizara hizo,
Nairobi.

Waheshimiwa,

MINT: USIMAMIZI WA KAMPUNI ZINAZOWAAJIRI WAKENYA KATIKA MAENEO YA VITA

Nawaandikia kwa heshima, kwa niaba ya familia kadhaa za Likoni, Kisauni na Changamwe ambazo vijana wao wamefanya kazi katika kambi za kijeshi za Iraq, Afghanistan na Somalia. Hawakwenda kama wanajeshi. Walikwenda kama walinzi wa lango, madereva wa malori, wapishi, mafundi wa jenereta na wafua nguo, wakiajiriwa na kampuni za kibinafsi zilizopewa kandarasi na serikali za kigeni, hasa ya Marekani.

Malalamiko yetu hatukuanza kuyatoa hadharani. Tuliyapeleka kwa ajenti aliyewasafirisha vijana, tukakuta ofisi imefungwa na simu haipatikani. Tukayapeleka katika ofisi za umma tulizoelekezwa. Moja ikatuambia shauri hili ni la wenzao, wenzao wakaturudisha kule kule tulikotoka. Barua zetu zilipokelewa, zikapigwa muhuri, na hadi leo hazijajibiwa. Ndiyo maana tunawaandikia mbele ya umma.

Mmoja wa vijana hao ni mdogo wangu. Alikuwa mlinzi katika kambi moja Iraq usiku roketi ilipoanguka karibu na kibanda alichokuwa akilinda. Hakukatika kiungo, na kwa hilo tunamshukuru Mungu, lakini sikio lake la kushoto halisikii tena. Binti yake amejua kumwendea babake upande wa kulia akitaka kumwambia jambo. Alimaliza mkataba, akapandishwa ndege, akarudi nyumbani na begi moja, na hakuna aliyemweleza kwamba jeraha lile lilikuwa na fidia yake kisheria. Habari hiyo aliipata kwa Mganda waliyelinda naye lango moja, aliyemtumia picha ya fomu kwa WhatsApp. Kufikia hapo mwaka mmoja unaoruhusiwa wa kudai ulikuwa umeshapita, na sasa anabishana na kampuni ya bima iliyo ng'ambo kama amechelewa au hakuchelewa.

Naomba niyaeleze malalamiko yetu moja baada ya jingine.

1. Mkataba unatiwa saini kwa nchi moja, kazi inafanywa katika nchi nyingine.

Karatasi aliyotia saini mdogo wangu Nairobi ilisema atalinda ghala Kuwait. Alipofika huko, paspoti yake ilichukuliwa "kwa ajili ya viza", na usiku mmoja katika bweni la wafanyakazi wakaletewa mkataba wa pili. Mshahara ulikuwa umepungua, na mahali pa kazi paliandikwa kuwa popote mwajiri atakapoamua. Wenye deni la nauli na la ajenti wangekataa vipi? Walitia saini wote.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ililiona jambo hili mapema. Kifungu cha 83 kinataka mkataba wa kazi ya nje ushuhudiwe na afisa wa leba. Kifungu cha 84 kinamtaka afisa huyo ajiridhishe kwamba mfanyakazi ameuelewa na ameukubali bila kudanganywa wala kulazimishwa. Kifungu cha 85 kinamtaka mwajiri asiyekuwepo Kenya aweke dhamana, na wadhamini wawe wakazi wa hapa, ili mkataba ukivunjwa pawe na mtu wa kushikwa. Kifungu cha 86 kinafanya kuwa kosa kumshawishi mtu atoke nchini kufanya kazi nje ya utaratibu huo. Kwa hiyo, waheshimiwa, hatuwaombi mtunge sheria mpya. Tunauliza hii iliyopo imetumika mara ngapi kwa watu wanaoishia katika kambi za kijeshi, na ni dhamana ngapi zimewahi kuitwa ili mfanyakazi alipwe. Katika familia zetu zote hatujaona hata moja.

Hatari yenyewe si ngeni kwenu. Mwezi wa Julai 2004 madereva saba wa malori ya kampuni moja ya Kuwait walitekwa Iraq, na watatu kati yao walikuwa Wakenya. Nchi nzima ilikesha redioni hadi walipoachiliwa mwanzoni mwa Septemba. Mwisho wa Agosti mwaka huo huo, Wanepali 12 waliotekwa katika nchi hiyo hiyo waliuawa. Wengi wao walikuwa wameahidiwa kazi ya hoteli nchini Jordan. Ajenti wa leo anatumia njia ile ile. Tumeiona tena katika vita vya Urusi na Ukraine, ambako Novemba 2025 serikali yenyewe ilikiri kwamba huenda zaidi ya Wakenya 200 wameingizwa.

2. Hakuna anayejua wako wangapi, wala wamekufa wangapi.

Kwa miaka mingi jeshi la Marekani limekuwa likitoa kila robo mwaka hesabu ya wafanyakazi wa kandarasi katika maeneo yake ya Mashariki ya Kati. Hesabu hiyo ina mafungu matatu: Wamarekani, wenyeji wa nchi ya vita, na raia wa nchi nyingine. Mkenya, Mganda, Mnepali na Mfilipino wote wamo katika fungu hilo la tatu, bila kutenganishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown wanakadiria kwamba wafanyakazi wa kandarasi wapatao 8,000 walikufa katika vita vya Marekani vilivyofuata mashambulizi ya Septemba 2001, idadi inayozidi ya wanajeshi wake waliouawa vitani humo. Katika hao 8,000, Wakenya ni wangapi? Anayepaswa kujua ni Kenya. Hatuwezi kungoja Washington ituhesabie watu wetu.

Tofauti tuliiona hapa hapa Pwani. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, Lamu, unaotumiwa na jeshi la Marekani, wakamuua mwanajeshi mmoja wa Marekani na wafanyakazi wawili wa kandarasi, nao Wamarekani. Serikali yao iliwatangaza na ikachunguza, na ndivyo inavyostahili. Mkenya akifa kwa roketi Iraq, familia huambiwa kwa simu na mfanyakazi mwenzake.

3. Fidia ipo, lakini wenye haki hawaambiwi.

Hapa ndipo uchungu wetu ulipo zaidi, na naomba mnivumilie nikieleza kwa urefu, kwa sababu nafikiri wengi serikalini hawaijui sheria hii, na familia nyingi zitakazosoma barua hii pia haziijui.

Marekani ina sheria ya mwaka 1941 iitwayo Defense Base Act. Inamlazimu kila mwenye kandarasi ya serikali yao katika kambi za ng'ambo kuwakatia wafanyakazi wake bima ya majeraha na kifo. Haibagui uraia. Mpishi kutoka Kilifi analindwa nayo kama rubani kutoka Texas, hata kama ameajiriwa na kampuni ndogo iliyopewa kazi na kampuni nyingine iliyopewa kazi na ile kubwa. Aliyeumia asiweze kufanya kazi hulipwa thuluthi mbili ya mshahara wake wa wastani. Aliyefariki, mjane wake hulipwa nusu ya mshahara huo, na kukiwa na watoto pia, malipo hufika thuluthi mbili. Matibabu ya jeraha ni juu ya bima. Fomu ya kudai kwa aliyeumia inaitwa LS-203, na ya warithi wa marehemu LS-262. Hupelekwa kwa Idara ya Kazi ya Marekani, na kuipeleka hakuna ada. Muda wa kudai ni mwaka mmoja, ingawa kuna nafuu kwa yule ambaye hakuweza kujua mapema au ambaye mwajiri wake hakuripoti ajali.

Isitoshe, kwa majeraha yanayotokana na vita, sheria nyingine ya mwaka 1942 inairuhusu kampuni ya bima kurejeshewa na serikali ya Marekani ilicholipa, pamoja na gharama za kushughulikia dai. Fedha hizo zimeshatengewa njia yake. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mjane wa Mkenya kwamba zipo.

Na hata akijua, kuna mlango mwingine wa kumpunguzia. Sheria hiyo ya 1941 inaruhusu malipo ya baadaye ya ulemavu wa kudumu au ya kifo, kwa mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani au Canada, yajumlishwe na kulipwa mara moja kwa nusu ya thamani yake. Nusu, kwa sababu ya paspoti aliyoibeba. Sijawahi kusikia Kenya ikiilalamikia Marekani juu ya kifungu hicho. Serikali inayokaa meza moja na Marekani kuzungumza biashara na usalama, na inayowapa nafasi Manda Bay, ina haki na sauti ya kulitaja jambo hili.

Yale yaliyowapata Wanepali wale 12 yanaonyesha kwamba kudai kunawezekana. Jamaa zao walifuatilia, na mwaka 2008 jaji wa Idara ya Kazi ya Marekani akaamuru bima iwalipe. Walikuwa watu wa vijijini kuliko sisi. Walipata wa kuwashika mkono.

4. Ada za ajenti na paspoti kushikwa.

Hili ni fupi. Amri ya Rais wa Marekani nambari 13627, ya tarehe 25 Septemba 2012, inawakataza wenye kandarasi za serikali hiyo na mawakala wao kumtoza mfanyakazi ada ya kuajiriwa, kumdanganya kuhusu kazi yenyewe, au kumnyang'anya hati zake za kusafiria. Vijana wetu walitozwa, walidanganywa na walinyang'anywa. Kwetu, Sheria ya Kupambana na Biashara ya Kusafirisha Watu ya mwaka 2010 ipo. Ajenti anayemfanya mama wa mtu auze shamba ili mwanawe apate kazi ambayo kisheria haina ada anapaswa kufikishwa mahakamani.

5. Kijana wetu akifyatua risasi, nani atamhukumu?

Nisingekuwa mkweli kama ningezungumzia madhara yetu tu na kunyamazia ya wenyeji wa nchi hizo. Tarehe 16 Septemba 2007, walinzi wa kampuni ya Kimarekani ya Blackwater waliwafyatulia risasi raia katika Uwanja wa Nisour, Baghdad, wakaua Wairaqi 17. Wakati huo amri iliyoachwa na utawala wa uvamizi ulioongozwa na Marekani ilizizuia mahakama za Iraq kuwahukumu wafanyakazi wa kandarasi. Ilichukua hadi mwaka 2014 kwa mahakama ya Marekani kuwatia hatiani walinzi wanne, na Desemba 2020 Rais Trump akawasamehe wote. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa kwa raia wa nchi yenye nguvu kuliko zote, Mkenya mwenye bunduki ya kampuni katika lango la Baghdad anasimama wapi? Kampuni ikimtelekeza, huenda akahukumiwa peke yake kwa amri aliyopewa na wengine. Na kama ametenda uovu akarejeshwa Mombasa usiku huo huo, familia ya aliyeuawa itamwendea nani?

Hati ya Montreux ya mwaka 2008, iliyoanzishwa na Uswisi pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, inaeleza wajibu wa nchi kwa kampuni hizi. Inazungumza hasa na nchi tatu: inayotoa kandarasi, ambako kazi inafanyika, na ambako kampuni imesajiliwa. Nchi inayotoa mikono ya kufanya kazi imepewa nafasi ndogo, na hiyo ndiyo nafasi yetu. Majirani zetu Uganda, waliopeleka maelfu ya walinzi Iraq tangu mwaka 2005, wameiunga mkono hati hiyo. Hata hivyo Waganda wenyewe walishuhudia mishahara ikishuka kutoka zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi hadi mia chache, kampuni ziliposhindana kupunguza bei ya mlinzi. Saini peke yake haitoshi. Ila ni mwanzo wa kuulizana maswali.

Waheshimiwa, majibu tutakayopewa tunayakisia, kwa sababu mengine tumeshayasikia dirishani.

Tutaambiwa hawa ni watu wazima waliokwenda kwa hiari. Hiari ya nini, kama karatasi ilisema Kuwait? Na hata aliyejua anakwenda Iraq hakukubali kufichwa bima yake. Baharia huenda baharini kwa hiari, na bado meli hukaguliwa kabla haijang'oa nanga.

Tutaambiwa hili ni suala la mfanyakazi na kampuni ya kigeni, na mkono wa Kenya haufiki huko. Lakini ajenti yuko hapa, usaili ulifanyika hapa, daktari aliyewapima ni wa hapa, na dhamana ya kifungu cha 85 imewekwa kwa ajili ya mwajiri asiyefikika.

Wengine watapendekeza marufuku: Mkenya yeyote asiende Iraq wala Afghanistan. Naomba msiikimbilie njia hiyo. Ufilipino ilipiga marufuku mwaka 2004, hadi paspoti zikagongwa muhuri kwamba hazifai kwa safari ya Iraq. Nepal nayo ikapiga marufuku. Watu waliendelea kwenda kupitia nchi za Ghuba, na tofauti ikawa moja tu: sasa waliuficha hata ubalozi wao wenyewe, na wakiumia waliogopa kusema. Marufuku humpa ajenti kisingizio cha kuongeza bei na humnyima mfanyakazi mahali pa kupeleka kilio chake.

Na tukiambiwa kwamba fedha za diaspora zinainua uchumi, tunakubali. Zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024. Zimo ndani yake za mdogo wangu, alizokuwa akituma kila mwezi kulipa karo. Ndiyo sababu tunasema anastahili kushughulikiwa.

Tunachoomba ni hiki. Kwanza, Wizara ya Leba itangaze idadi ya mikataba ya kazi katika kambi za kijeshi za kigeni iliyoshuhudiwa chini ya vifungu vya 83 na 84, na dhamana zilizowekwa chini ya kifungu cha 85, kwa miaka kumi iliyopita. Tunaomba habari hizi kwa mujibu wa ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayotoa siku 21 za kujibu.

Tena, kila mkataba wa nchi za Ghuba wa ulinzi, udereva wa malori au huduma za kambi uwe na sharti kwamba mfanyakazi hatahamishiwa nchi yenye vita bila mkataba mpya ulioshuhudiwa na ubalozi wetu, na kwamba jina la kampuni ya bima na nambari ya bima yenyewe viandikwe ukurasa wa kwanza. Mafunzo ya kabla ya safari yataje sheria ya 1941 na fomu zake, kwa Kiswahili, na kijana akae na nakala.

Ubalozi wa Kenya Washington, na balozi zetu za Ghuba, ziwe na afisa mwenye kazi hii: kufungua madai ya waliojeruhiwa na ya wajane, kuyafuatilia, na kuweka daftari la Wakenya waliokufa katika kandarasi hizi tangu 2003. Wizara ya Masuala ya Kigeni ikilifikisha kwa Marekani suala la fidia ya nusu, tutafurahi kusikia limefikishwa lini na limejibiwa nini. Serikali itangaze pia msimamo wake kuhusu Hati ya Montreux.

Kwa kamati za Bunge, tunaomba kikao cha wazi, na kifanyike Mombasa, ili waliofanya kazi hizi waje na mikataba yao mikononi, ile ya Nairobi na ile ya pili. Mdogo wangu yuko tayari kutoa ushahidi. Tunaomba tu aketishwe mahali ambapo wabunge watakuwa upande wake wa kulia.

Nakala ya barua hii na viambatisho vyake tutaiwasilisha ofisini kwenu, na siku 21 tutazihesabu kuanzia siku itakapopigwa muhuri. Zikipita bila jibu, tutapeleka ombi la mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, kama sheria inavyoturuhusu.

Wenu mtiifu,
Kwa niaba ya familia za wafanyakazi wa kandarasi,
Likoni, Mombasa.